Ukurasa wa Thelathini na Moja

Mama alikufa mwaka jana mwezi wa sita. Habari hiyo niliisoma kwa sauti Jumamosi mchana, yeye mwenyewe amekaa mbele yangu juu ya ndoo iliyogeuzwa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, ananiambia nisome taratibu maana nina tabia ya kumeza maneno.

Mama anafanya kazi maabara ya hospitali. Mtu akisikia hivyo anafikiri anapima damu. Hapimi. Anaosha vioo. Vile vioo vidogo vyembamba wanavyodondoshea damu ya mgonjwa, wakishaangalia wanavitumbukiza kwenye ndoo ya dawa, na Mama anavitoa kimoja kimoja, anavisugua, anavisuuza mara tatu, anavipanga kwenye kitambaa vikauke. Ncha za vidole vyake zimekunjamana kama za mtu aliyeshinda mtoni. Lakini kusoma vioo anajua. Alisomea miaka mitatu, akafaulu, akapewa cheti. Halafu Bibi, mama yake, akapooza, na Mama akakaa nyumbani miaka mingi kumgeuza kitandani. Katika miaka hiyo paa likavuja juu ya kabati, cheti kikalowa mpaka wino wote ukahamia upande mmoja. Alipokwenda kuomba kingine, chuo kilikuwa kimeunganishwa na chuo kingine, rejista za zamani hazijulikani ziliko, na karani akamwambia, "Mama, wewe humu haumo." Hospitali ikampa kazi ya kuosha, na hapo hapo ndipo alipobaki, mchana anaosha, jioni anamgeuza Bibi.

Mkuu wa maabara yao ni mzee mmoja tunayemwita Mzee wa Hadubini, kwa sababu hata akiwa anakula jicho moja kalifumba. Siku moja alimkuta Mama ameinamia hadubini yake wakati wenzake wamekwenda kula.

"Unaona nini?" akamuuliza.

Mama akamwambia anachokiona. Mzee akaangalia mwenyewe, akachukua karatasi ya majibu ambayo kijana wake alikuwa ameshaisaini, akaichana vipande vinne. Toka siku ile akawa anamtafutia Mama njia, na njia ikapatikana: nafasi moja ya msaidizi wa maabara, usaili Jumatatu ya wiki ya pili. Cheti hana, basi alete barua ya mtu aliyesoma naye darasa moja, mwenye ofisi na muhuri, aseme kwamba huyu kweli alisoma na alimaliza.

"Barua tu, dada," Mzee akamwambia. "Huna hata mmoja?"

Mama akajibu anao thelathini na wanne. Aliporudi nyumbani akanipa simu yake, akaniambia niwatafute mimi.

Mimi na Mama tumefanana jambo hili: kuongea mbele ya watu kunatushinda. Darasani nikijua jibu naliandika kwenye kiganja, nakunja ngumi, namwacha mwingine aseme. Lakini kutafuta kwenye simu hakuhitaji mdomo. Nusu saa haikufika nikawapata. Walikuwa wametoa kijitabu cha kuadhimisha miaka ishirini toka wamalize, kila mtu kaandika alipofikia, picha ya zamani na picha ya sasa. Nikakipakua, Mama akaweka miguu kwenye beseni, nikaanza.

"Namba tatu. 'Namshukuru Mungu kwa mume mwema, watoto wanne na maabara mbili zangu mwenyewe.'"

"Mume kamtaja wa kwanza," Mama akasema. "Basi huko ndani hakuko sawa."

"Namba tisa. 'Baada ya kuhudumu miaka kumi na mmoja katika sekta ya afya, nimehamia kwenye ufugaji wa kuku wa kisasa.'"

Mama alicheka mpaka maji yakamwagika. "Huyo akiona damu alikuwa anazimia. Tumembeba mara nne. Sasa kuku anawachinjaje?"

"Labda anauza mayai."

"Ndiyo, mayai. Yai halina kelele. Endelea."

Namba kumi na mbili alikuwa nchi za baridi, amesimama kwenye theluji na shahada tatu. Mama akaisogeza simu karibu na macho. "Hilo koti kaazima. Angalia mikono."

Kwenye utangulizi walikuwa wameeleza kwamba darasa lao halijawahi kuvunjika. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi waliomaliza chuo, Kiranja wao anaingia kwenye grupu na kuita namba kama zamani, moja mpaka thelathini na tano, na kila mtu anaitika kwa sauti yake, "nipo," halafu anasema anafanya nini siku hizi. Chuoni ilikuwa ukikosa kuitika mara tatu unapigwa mstari kwenye rejista. Utaratibu huo hawakuuacha.

"Wewe namba ngapi?" nikauliza.

"Kumi na saba."

Baada ya kumi na sita ilifuata kumi na nane. Nikadhani wamejisahau. Nikasoma wote mpaka nikafika ukurasa wa mwisho, wa thelathini na moja, wenye fremu nyeusi. Ndani yake msichana wa koti jeupe anacheka meno yote nje. Juu yake pameandikwa *Aliyetutangulia*. Nilikuwa nimeshaanza kusoma kabla akili haijanifikia, na ningenyamaza Mama angejua tu.

"'Penseli, namba kumi na saba. Tulikuita miaka mitatu hukuitika. Mwaka jana mwezi wa sita tukasikia kwenu kuna msiba. Nenda, mwenzetu. Wewe ndiye uliyekuwa na jicho kuliko sisi wote. Walimu wakibishana walikuwa wanakuita wewe uje uangalie. Na leo niseme jambo ambalo ulipokuwa hai sikulisema. Michoro yote arobaini ya kitabu changu cha vitendo, kile kilichonifanya niwe wa kwanza, ilikuwa ya mkono wako. Uliichora kitanda cha juu, na tochi chini ya blanketi, mimi nimelala cha chini. Hukudai hata asante. Asante. Kiranja.'"

Msiba ulikuwa wa Bibi. Kwenye ule msiba hakuna mwanadarasa aliyekuja, wala aliyepiga simu kuuliza nani kafa.

Maji kwenye beseni yalishapoa.

"Mbona hukuitika?" nikamuuliza. "Miaka mitatu."

"Miaka miwili ya mwisho laini ilikuwa imeshapotea. Mwaka wa kwanza ilikuwepo. Niliwasikia wanaita. Namba kumi na saba, kumi na saba." Akafuta miguu, kidole kimoja kimoja. "Ningesema nini? Nipo, naosha vioo?"

Halafu akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Mara ya tatu akanisimamisha pale kwenye asante, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu akakuta chumvi iko sawa. "Haya," akasema. "Kwa hiyo mimi marehemu. Na marehemu anatafuta barua kabla ya Jumatatu ile."

Namba ya Kiranja ilikuwa kwenye jalada la nyuma. Kiranja siku hizi ni mkuu wa maabara kwenye hospitali kubwa, ile ya lifti. Nikamwandikia: Shikamoo mama, mimi ni mtoto wa Penseli, mama yangu yuko hai na ana shida ndogo na wewe. Jibu lilikuja upesi. *Matapeli hamna haya. Hata marehemu mnamtumia?*

Mama akaninyang'anya simu, akabonyeza pa kurekodi. Sijawahi kumwona akifanya hivyo bila kwanza kukohoa. "Kiranja," akasema, "ulikuwa unaota unahesabu chembe nyeupe. Nakusikia kutoka juu. Ukifika mia unaanza tena moja."

Tukasubiri. Simu ikaita, na kwenye ile spika iliyopasuka nikasikia mtu mzima analia.

"Shoga. Uko hai?"

"Niko hai, naosha miguu."

"Mimi nimekulilia, unajua? Nilisimama mbele ya watu nikalia."

"Nimesomewa. Umeandika vizuri."

Mama akamweleza habari ya barua. Kiranja akasema hilo ni dogo mno, aje Alhamisi ofisini, barua ataikuta mezani. "Ila nakuomba kitu kimoja, mwenzangu. Kwenye grupu usiingie kwanza. Niache niwaandae, watu wana presha."

Alhamisi nilidanganya shuleni kwamba kichwa kinauma, nikaenda naye. Mama alivaa viatu vyake vya mazishi, kwa sababu ndivyo pekee vyenye kisigino. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, mlango wa kioo, ndani baridi kama kwenye friji. Kiranja alimkumbatia Mama muda mrefu, akamshika mabega, akamwangalia, akamkumbatia tena. Akanishika na mimi kidevu. "Macho haya haya, mwanangu. Na wewe unachora?"

Nikaangalia zulia.

Mama alikuwa hamsikilizi. Anaangalia ukutani nyuma ya kiti. Pale palikuwa na fremu, na ndani ya fremu karatasi ya zamani yenye mchoro wa chembe za damu, nyekundu na zambarau, kila moja imewekewa kivuli kidogo upande wa kushoto. Kona ya chini jina la Kiranja, kwa herufi ndogo zilizosimama wima. Hizo herufi nazijua. Ndizo zinazoandika orodha ya sokoni kwetu. Hata jina aliliandika Mama.

"Umeutunza," Mama akasema.

"Nauonyesha kwa wanafunzi." Kiranja akakaa. Bahasha ilikuwa juu ya meza, nene, nzuri, na mkono wake uko juu ya bahasha. "Nimekuandikia vizuri, shoga. Umesoma, umemaliza, ulikuwa hodari. Muhuri upo. Kuna kitu tu."

"Sema."

"Wanatafuta mkuu wa mafunzo wa maabara zote. Nimebaki mimi na mwingine. Na mwingine ni nani kama si namba tatu, mwenye mume mwema. Kachukua ukurasa wako, ule wa thelathini na moja, kawapelekea wakubwa. Anawauliza, mtu ambaye kitabu chake alichorewa atawafundishaje wengine?"

"Si uliandika mwenyewe."

"Niliandika ukiwa umekufa." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto. "Marehemu unamwambia chochote. Marehemu haitwi kutoa ushahidi. Sasa upo, watakuuliza."

Kiyoyozi kikawa kinaongea peke yake.

"Jumamosi naita namba," Kiranja akaendelea. "Itika. Watafurahi, utaona. Useme upo, halafu useme michoro nilichora mwenyewe. Kwamba niliandika vile kwa majonzi tu. Wewe ulikuwa unanichongea penseli."

"Nakuchongea penseli."

"Ndilo jina lako, si ndiyo? Nani atabisha?"

"Na barua?"

"Barua ni yako, shoga. Kwani nimesema nini? Jumapili dereva ataileta mpaka mlangoni." Akafungua droo, akaiweka bahasha ndani, akafunga.

Mimi nilikuwa na sentensi nzima tayari. Nilikuwa nimeipanga toka aliposema marehemu haitwi kutoa ushahidi, na ilikuwa sentensi nzuri, ingemfanya ainamishe kichwa. Lakini kwenye darasa letu, ukuta wa nyuma, mwalimu wa baiolojia amebandika mchoro wa seli ya mmea, ameuzungushia wino mwekundu na kuandika *igeni mfano huu*. Chini yake kuna jina langu. Aliuchora Mama jikoni, huku anasubiri maji yachemke. Niliposifiwa mbele ya watu arobaini nilitabasamu nikaangalia dawati, na kila mtu akasema ona alivyo mnyenyekevu. Basi ile sentensi nikaiacha. Nilikunja ngumi tu, kama kuna jibu kiganjani.

Tuliposhuka ngazi, maana Mama lifti haiamini, nikamuuliza, "Utasema?"

"Unataka nifanyeje? Nibaki marehemu mwenye michoro yake?"

"Lakini ni uongo."

"Na wewe kichwa kinauma," akasema.

Jumamosi saa kumi alasiri tulikaa kitandani, simu katikati yetu. Asubuhi Kiranja alikuwa ameiingiza namba mpya ya Mama kwenye grupu bila kusema ni ya nani. Sasa akaanza kuita. Sauti zikawa zinakuja moja moja, nyingine nzito, nyingine zina watoto nyuma. Nipo, nimefungua tawi la tatu. Nipo, binti yangu anaolewa. Nipo, namba tisa, na mayai ya jumla yapo, karibuni. Namba kumi na sita alikuwa safarini na upepo ukala maneno yake.

"Namba kumi na saba."

Mama akabonyeza, akaachia. Akabonyeza, akaachia.

"Namba kumi na saba," Kiranja akarudia, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba kuna mtu mlangoni.

"Nipo," Mama akasema.

Grupu lilichafuka. Ujumbe ukapanda juu ya ujumbe, vikatuni vya kulia, vikatuni vya kupiga magoti, mtu anauliza huyu ni nani anatuchezea, mwingine anasema ni yeye, ni sauti yake, ningeijua hata kaburini. Nilimwona Mama usoni na nikasahau kila kitu kwa muda, kwa sababu alikuwa anacheka meno yote nje, kama kwenye ile picha ya fremu nyeusi. Kisha akabonyeza mara ya pili.

"Na ile michoro," akasema, "alichora Kiranja mwenyewe. Mimi nilikuwa namchongea penseli."

Wa kwanza kujibu alikuwa mfuga kuku. *Kumbe jina lilitokana na kuchonga. Na sisi tulidhani msanii.* Kikatuni cha kucheka. Wakafuata wengine na vya kwao, kumi, kumi na tano. Namba tatu hakuandika kitu. Hakuna aliyemuuliza Mama amekuwa wapi, wala anafanya kazi gani.

"Karibu tena duniani, mwenzetu," Kiranja akasema. "Namba kumi na nane."

Dereva alikuja Jumapili kama Kiranja alivyoahidi. Barua ilikuwa imesainiwa na muhuri umekaa vizuri, haukukanyaga maneno. Jumatatu Mama akafanya usaili, Ijumaa wakamwita. Mzee wa Hadubini akampa koti jeupe mwenyewe, mikono mirefu, tukaipindia ndani. Kijana ambaye karatasi yake ilichanwa ndiye sasa anayepaswa kumfundisha kazi, naye anamfundisha kwa sauti kubwa.

Kiranja naye alipata. Tuliona kwenye grupu, pongezi siku tatu.

Kwenye fomu zao za maabara kuna kisanduku cha kuchorea ulichokiona, kama ni kitu kigeni. Mzee aliniambia nilipompelekea Mama chakula, na aliniambia kama anayenishtakia: mama yako anaandika maneno tu, kisanduku anakiacha kitupu. Amemuuliza, kajibu hajui kuchora. Na nyumbani, nilipompa daftari langu anichoree jani lililokatwa, jinsi tunavyofanya siku zote, alilirudisha bila kulifungua.

"Chora mwenyewe."

Nikachora mwenyewe. Mwalimu aliliangalia lile jani, akaangalia ukuta wa nyuma, akaniangalia. "Mkono wako una nini?"

"Niliumia, mwalimu."

Akanipa pole, na alama mbili za huruma. Seli ya mmea bado iko ukutani.

Wiki iliyopita kijitabu kilitolewa upya, toleo lililosahihishwa. Ukurasa wa thelathini na moja sasa una picha ya Kiranja akipeana mkono na wakubwa. Baada ya kumi na sita inafuata kumi na saba. *Penseli. Yupo. Msaidizi wa maabara.* Picha hawakuweka. Waliyokuwa nayo ni ile moja, na nadhani waliona si vizuri kuitumia tena. Mambo ya jicho, ya walimu kumwita aje aangalie, hayo yote yameondoka na fremu yake.

Nilimsomea Mama. Haikuchukua muda.

Alikuwa kwenye ndoo, miguu kwenye beseni. Siku hizi kazini anakaa kwenye kiti, lakini miguu bado haijapata habari. Akaangalia maji.

"Ile ya kwanza umeifuta?"

"Hapana."

"Nisomee."

"Yote?"

"Ile ya nilipokufa."

Nikaitafuta, nikaanza. Nenda, mwenzetu. Wewe ndiye uliyekuwa na jicho kuliko sisi wote. Walimu wakibishana. Nilipofika pale katikati nikavuka, nikaenda moja kwa moja kwenye asante, nikidhani namsaidia.

"Umeruka," Mama akasema.

Nikarudi nyuma. Nikasoma taratibu, bila kumeza. "'Michoro yote arobaini ya kitabu changu cha vitendo, kile kilichonifanya niwe wa kwanza, ilikuwa ya mkono wako.'"

"Arobaini na miwili," Mama akasema, akanyoosha mkono nimpe birika aongeze maji ya moto.